Kifaru cha vichwa vitano: namna ya kukichonga kwa mbao za paina

Nikuonye mapema: usianze na vichwa. Kila anayeingia karakanani kwangu hapa Mafinga akakiona kile kifaru cha vita juu ya kabati la misumari, mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye vichwa. Anavizungusha kimoja kimoja, anacheka, halafu anauliza, "Fundi, hivi kitu hiki kilikuwepo kweli?"

Kilikuwepo. Kilitengenezwa kimoja tu. Waliokitengeneza ni kampuni ya Vickers ya Uingereza, wakakikabidhi kwa jeshi lao mwaka 1926, na mpaka leo kimesimama kwenye makumbusho ya vifaru kule Bovington. Kwenye makaratasi kinaitwa A1E1. Jina la kuitana ni Independent, yaani Kinachojitegemea. Sisi tuliosoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, tukalima shamba la shule mpaka viganja vikaota sugu, jina hilo halitupi shida.

Mimi nilikuwa utingo wa semi miaka tisa, njia ya Dar mpaka Tunduma, hadi mgongo uliponikataa nikarudi nyumbani kuchonga vitanda na milango. Kifaru alikileta mjukuu wangu wa kidato cha tatu, kwenye simu. "Babu, mwalimu wa historia katupa kazi ya vita vya dunia. Nitengenezee hiki." Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Tulikaa nacho likizo nzima ya Juni, baridi ya Mafinga inauma masikio, gundi inagoma kukauka. Tangu hapo nimeshachonga saba, na kila kimoja kimenifundisha kitu ambacho cha kabla yake kilinificha. Nakuandikia ili wewe uanzie kwenye cha nane.

Vichwa ni vile vibanda vya juu vinavyozunguka na kubeba silaha. Wajeshi wana jina lao, sisi karakanani tunaviita vichwa, na humu nitaviita hivyo.

Mbao na vipimo

Tumia paina. Ni laini, inakubali patasi, na huku kwetu msitu wa Sao Hill umetuzunguka kama ukuta. Chukua ubao wa inchi moja kwa nne usio na jicho, urefu wa mita moja na nusu, uukate vipande unavyohitaji. Jicho la mbao likikaa mahali pa kutoboa, drili itacheza na tundu litakwenda upande. Mikaratusi sikushauri. Ni migumu na inapasuka bila kukuaga.

Mbao iwe kavu. Hapa nilipata fedheha. Kifaru cha pili nilikichonga kwa ubao niliouziwa kuwa mkavu, nikauamini kwa macho. Kilipendeza sana, mteja akakipeleka Dodoma. Baada ya wiki tatu akanitumia picha: kimepasuka kutoka pua mpaka mkia, ufa unaingiza sarafu. Mafinga kuna ukungu, mbao inajifanya imekauka, ikifika kwenye joto kavu la Dodoma inatoa maji yote iliyoyaficha. Siku hizi ubao naulaza darini juu ya jiko la mama watoto wiki nne, nikiupima kwenye mizani ya duka kila Jumamosi. Uzito ukikaa palepale Jumamosi mbili mfululizo, naanza kazi. Usipokuwa na jiko la kuni, uweke chini ya bati sehemu yenye upepo, na subira iwe mara mbili.

Kipimo chetu ni moja kwa ishirini: kila sentimita 20 za kifaru chenyewe ni sentimita 1 kwako. Kile cha kweli kilikuwa na urefu wa karibu mita 7.6, kwa hiyo chako kitakuwa sentimita 38. Kwenda juu kilikuwa karibu mita 2.7, chako ni sentimita 13 na nusu. Upana nakipa sentimita 15 pamoja na minyororo. Chora kwanza kwenye karatasi ya kaki kwa ukubwa uleule, ubandike ukutani, ukitazame siku mbili. Utaona kwamba kinafanana na mamba kuliko kifaru: kirefu, chembamba, kimelala chini. Usishawishike kukifupisha. Mjukuu alitaka tukifupishe "kipendeze", nikamkubalia, na ndipo somo lilipoanzia.

Urefu: handaki kwanza

Ukitaka kuelewa umbo hili, sahau vichwa, fikiria shimo. Vita vya Kwanza kule Ufaransa watu walijichimbia mahandaki kwa miaka, na vifaru vya kwanza vya Waingereza, vilivyoingia vitani tarehe 15 Septemba 1916 huko Somme, vilibuniwa hasa kuvuka mahandaki hayo. Mwezi uliotangulia, Agosti 1916, jeshi la Waingereza lilikuwa limeingia Iringa hapa, na mizigo yake ilikuwa vichwani mwa babu zetu. Huko wanabebwa na chuma, huku sisi ndio chuma. Basi, tuendelee.

Jeshi lilipoomba kifaru kipya kizito mwaka 1922, woga wa handaki ulikuwa bado mbichi. Waliomba kitu kirefu, kilicholala chini, chenye uwezo wa kuvuka shimo pana, mzinga wake uwe mbele kifuani na rashasha ziwe ubavuni. Vickers wakafanya jambo ambalo kila fundi analijua. Mteja akija na kitanda chake kichwani, unamchorea alichoomba, halafu pembeni unamchorea kile unachoona kinamfaa. Wakaleta michoro miwili. Ule wa pili, wa kwao wenyewe, ulihamisha silaha zote juu ya mgongo: kichwa kikubwa kimoja katikati na vidogo vinne kukizunguka. Mteja akachagua huo wa pili. Urefu ukabaki vilevile, maana handaki halikuondoka.

Sasa chukua vipande viwili vya ubao wako, kila kimoja sentimita 38 kwa 8. Hizi ndizo mbavu. Mbele uzikate zipande kwa mshazari, na nyuma vilevile kidogo, ili mnyororo upate mahali pa kupindia. Ziweke pamoja kwenye jiliwa uzipige randa kwa mpigo mmoja; zikitofautiana hata milimita mbili kifaru kitakaa kama mtu mwenye mguu mfupi. Katikati yake weka boksi lenye upana wa sentimita 10. Mimi boksi naliacha tupu ndani: sakafu ya plaiwudi, vipande viwili vya kukingama, na juu mfuniko wa ubao wenye unene wa sentimita 1. Gundi ya mbao, na skrubu mbili kila upande kwa kuingilia ndani zisionekane. Usitumie misumari. Paina ikipigwa msumari karibu na ukingo inafunguka kama kitabu.

Kabla gundi haijakauka kabisa hakikisha boksi limekaa sawa, halafu uliache mpaka kesho. Kesho yake fanya jaribio hili, ndilo lililompa mjukuu wangu alama zake. Panga matofali mawili mezani, acha nafasi ya sentimita 14 kati yake. Kwa kipimo chetu hilo ni handaki la karibu mita 3. Sukuma kifaru taratibu. Kile cha sentimita 38 pua inagusa ng'ambo kabla tumbo halijaanguka. Kile kifupi alichokitaka yeye, sentimita 24, kilizama pua kikabaki kimesimama wima ndani ya shimo, mkia juu, kama bata anayetafuta chakula. Hakuuliza tena kuhusu kufupisha.

Ila angalia mizania. Kifaru changu cha tatu nilikiwekea gogo zima nyuma nikijisifu kwamba ndiyo injini. Pua ikavuka vizuri, mkia ukaanguka shimoni. Nilifungua chini nikakwangua gogo lote kwa patasi, usiku, kwa hasira. Weka kidole katikati ya sakafu, kifaru kikae juu yake bila kulalia upande wowote. Kikilala nyuma, kwangua nyuma.

Minyororo, na kwa nini kirefu hakipendi kona

Mnyororo ni tyubu kuukuu ya bodaboda. Uikate ukanda wa sentimita 2 na nusu, uoshe kwa sabuni utoe ile poda, kisha uuvute kuzunguka ubavu kwa kukaza kidogo na kuugundisha kwa gundi ya viatu. Juu yake bandika vipande vyembamba vya mpira uleule, kimoja kila nusu sentimita. Ni kazi ya kuchosha. Nenda nayo polepole ukisikiliza redio. Magurudumu usijisumbue kuyachonga yote. Kwa kile cha kweli mengi yamejificha nyuma ya bamba la ubavuni. Kata plaiwudi ya milimita 3, funika sehemu ya juu ya ubavu, chini acha nafasi ya kuonyesha nusu duara za vitufe vya nguo vilivyopakwa rangi nyeusi. Kwa mbali hakuna atakayejua.

Mnyororo ukikauka, mwaga mchanga mkavu mezani, weka kifaru juu, kishike kwa juu ukigeuze kama kinavyokata kona. Tazama alama: pua na mkia vimekwangua mchanga upinde mpana, katikati hapajaguswa. Yule kifupi anageuka na kukwangua kidogo tu. Aliyewahi kupanda Kitonga nyuma ya semi amekwisha kuliona jambo hili. Lori likiingia kona, matairi ya mwisho ya tela hayazunguki kufuata kona, yanaburuzwa kwa ubavu, unayasikia yanalia na lami inabaki na michirizi. Kifaru ni tela ambalo matairi yake yote ni ya mwisho. Kadiri kinavyorefuka kuliko upana wake, ndivyo nguvu ya kukigeuza inavyopanda.

Hapo ndipo palipowatoa jasho wabunifu. Vile vya 1916 vilikuwa na tani 28 na injini ya nguvu za farasi 105, havikufika kilometa 6 kwa saa, na kuvigeuza kulihitaji watu wanne: dereva, kamanda aliyeshika breki, na wawili nyuma wa kubadili gia za kila mnyororo. Independent kilikuwa na tani karibu 34, na injini ya Armstrong Siddeley ya silinda 12 iliyopozwa kwa upepo, nguvu za farasi 370, kikitakiwa kwenda kilometa 32 kwa saa. Kwa mtu wa malori namba hizo si ngeni. Semi lililobeba nguzo kutoka huku linaruhusiwa kufika tani 56 kwenye mizani, na injini yake haitofautiani sana na hiyo. Lakini semi lina matairi ya kubingirika, na utingo mwenye jiwe mkononi kama breki zimegoma. Gia na klachi za kawaida za miaka ile hazikuweza uzito ule kwa mwendo ule. Akaitwa Walter Gordon Wilson, mmoja wa mafundi wawili waliobuni kile kifaru cha kwanza cha 1916, akabuni gia zake. Breki nazo zikatengenezwa maalumu, za kusukumwa kwa mafuta. Mimi nikisoma hapo nakumbuka harufu ya breki kwenye mteremko wa Kitonga na kukubali kwamba wale watu walijua walichokiogopa.

Unene wa chuma usahau. Bamba lake la mbele lilikuwa milimita 28. Kwa kipimo chetu ni milimita 1.4, sawa na kadi mbili za benki ukizibandika. Mjukuu alishangaa, alidhani chuma kinene kama tofali. Kililengwa kuzuia risasi za bunduki. Hiyo ndiyo hesabu ya miaka ile.

Sasa vichwa

Una mwili, una minyororo, umevuka handaki. Sasa ruksa.

Kichwa hakichongwi, kinatobolewa. Ukiwa na ile biti ya duara ya kutobolea tundu la kitasa cha mlango, kile kidonge cha mbao kinachobaki ndani yake, ambacho mafundi tunakitupa kwenye maranda, ndicho kichwa chenyewe, na kina tundu la katikati tayari. Madukani zinauzwa kwa seti zenye pete za ukubwa tofauti. Tafuta pete itakayotoa kidonge cha karibu sentimita 7 kwa kichwa kikubwa, na nyingine ya sentimita 4 kwa vidogo. Kikubwa kitahitaji vidonge viwili vilivyogundishwa, unyuzi wa mbao upishane, ili kifike sentimita 3 na nusu kwenda juu. Usipokuwa na biti hiyo, chora duara kwa bikari, kata pembe nane kwa msumeno, kisha mviringo uumalize kwa tupa na msasa. Utatumia jioni nzima lakini kitatoka.

Juu ya mfuniko, pima kutoka puani. Sentimita 4 za mwanzo ni za dereva. Alikaa mbele kabisa katikati, kwenye kibanda chake kilichotokeza, kwa hiyo bandika hapo kipande kidogo chenye tundu la kuchungulia. Kwenye sentimita 9 weka vichwa vidogo viwili, kila kimoja sentimita 3 kutoka mstari wa kati. Kwenye 15, kikubwa. Kwenye 21, vidogo viwili vya nyuma. Kuanzia 24 mpaka mkiani ni injini, acha tambarare, chora matundu ya hewa kwa msumari uliopashwa moto.

Kila kichwa kinakaa juu ya bolti ya spana namba 10. Pitisha bolti kutoka juu, weka wosha kati ya kichwa na mfuniko, chini yake nati mbili zinazobanana. Hii ya nati mbili usiidharau. Ukiweka moja, mtoto akizungusha kichwa mara kumi itafunguka na kudondokea ndani ya boksi, utaisikia ikigongagonga na huna pa kuitolea. Nilifungua sakafu mara mbili kabla ya kukumbuka kwamba hata stendi ya taa ya Scania imefungwa hivyo.

Silaha. Mzinga ulikuwa wa ratili tatu, kwa uzito wa kombora lake. Tundu la mtutu milimita 47. Kwa kipimo chetu ni kama milimita 2.4, na mrija wa wino wa kalamu ya kawaida unakaribia kabisa. Utoe wino kwa spiriti, uupake rangi, uchomeke. Rashasha za Vickers zilipozwa kwa maji, mtutu umevaa mfuko wa maji kama mkono uliofungwa bandeji, kwa hiyo usiweke waya. Kata kijiti cha mshikaki, kifupi, kinene. Kimoja kati ya vichwa vidogo, kile cha nyuma kushoto, kilikuwa na nafasi ya kuinua rashasha juu kupiga ndege. Hicho kipasue mfereji mbele kuanzia katikati mpaka juu, ili kijiti kiweze kuinuka. Mteja atakayekijua kifaru hiki hapo ndipo atakapoangalia kwanza.

Juu ya kichwa kikubwa bandika kibanda kidogo cha kamanda, kizibo cha chupa kinatosha. Hapo ndipo penye hadithi ninayoipenda kuliko zote. Kwenye vifaru vya 1916 kelele ya injini ilikuwa kubwa mno, kamanda akawasiliana na watu wake kwa ishara za mikono na kwa kugonga chuma. Mimi nimefanya kazi hiyo! Utingo akiwa nyuma hana simu: kugonga bodi mara moja simama, mara mbili twende, na mfululizo maana yake kuna hatari, shuka haraka. Inafanya kazi kwa dereva mmoja na utingo mmoja. Ndani ya Independent kulikuwa na watu 8, wamegawanyika kwenye vichwa vitano na kiti cha dereva mbele. Utagonga mara ngapi ili wa nyuma kulia ajue ni yeye anayeitwa? Kwa hiyo wakaweka vifaa vya kuongea ndani kwa ndani, kamanda anazungumza na kila kichwa. Kwa mwaka 1926 huo ulikuwa ufundi wa kutikisa kichwa.

Sasa zungusha vyote vielekee mbele. Umeona? Viwili vya nyuma vinamtazama mkubwa mgongoni. Zungusha vielekee nyuma: viwili vya mbele ndivyo vimezibwa. Elekeza kulia, wa kushoto wanawalenga wenzao. Rashasha nne zimebebwa, zimelishwa, zina watu wanne wa kuzikalia, na upande wowote unaochagua zinazofanya kazi ni mbili. Sikulisoma hilo mahali. Nililiona mezani, mjukuu akiwa ameshika mirija ya soda kuonyesha risasi zinakokwenda. Mchoro wa karatasi haukuonyeshi. Kichwa kinachozunguka kinakuonyesha kwa dakika moja.

Ukitaka kukibadili

Ukiwa umeweza kimoja, miili miwili mitatu mingine inakusubiri. Serikali ya Uingereza haikutoa fedha za kutengeneza cha pili, lakini umbo lilishatoroka. Wasovieti walitoa T-35 wakiwa na mpango uleule wa vichwa vitano, kikubwa chenye mzinga wa milimita 76.2 na vidogo viwili vyenye mizinga ya milimita 45, wengine rashasha. Vilitengenezwa Kharkov, na pamoja na vya majaribio vilifika 61. Mwaka 1941 Wajerumani walipovamia, vingi havikupigwa, viliharibika vyenyewe njiani vikaachwa kando ya barabara. Kwa hicho ongeza urefu na upana, na vidogo viwili vifanye sentimita 5. Wajerumani wenyewe walijaribu chenye vichwa vitatu, wakatengeneza 5 tu, na vitatu wakavipeleka Norwei mwaka 1940. Hicho ni rahisi kuchonga, lakini wateja hawakipendi. Wanataka vitano.

Na michoro ya Independent iliuzwa kweli. Mwaka 1933 ofisa wa jeshi la Uingereza, Norman Baillie-Stewart, alishitakiwa kwa kuwauzia Wajerumani siri, za kifaru hiki zikiwemo. Alishikiliwa kwenye ngome ya kale ya London, ile ya wafalme, akapewa miaka 5. Mimi mchoro wangu wa karatasi ya kaki nautoa bure, njoo na simu upige picha.

Rangi na kusafirisha

Msasa wa 120 kwanza, halafu wa 220. Prama mara moja, nyembamba. Kisha kijani kilichokolea, kinachokaribia weusi, yenye kung'aa kidogo; ndiyo waliyopaka Waingereza miaka ile. Changanya tini ya kijani na kifuniko kimoja cha nyeusi. Usipake wakati wa ukungu wa asubuhi, rangi itafanya weupe. Subiri saa tano jua likiwa limetoka. Chini ya vichwa na ndani ya matundu usipake kabisa, vitagandana na mtoto atavikunja mpaka vikatike.

Ukikipeleka kwa basi, vitoe vichwa vyote, kila kimoja kwenye gazeti lake, na mwili uuweke kwenye boksi lililojaa maranda. Andika namba chini ya kila kichwa na namba ileile pembeni ya tundu lake, maana vile vidogo vinafanana. Nilisahau kufanya hivyo kwa mteja mmoja wa Njombe. Akanitumia picha amefurahi, kifaru kipo juu ya televisheni, na kile kichwa cha kupiga ndege amekiweka mbele kulia. Nikampigia nikamwambia akihamishe nyuma kushoto. Akasema, "Fundi, hakitoki tena. Nimekitia gundi."